Tezi, omo na ngama: kuunda mfano wa mtepe kwa mbao na uzi

Kila mwaka, tunapofika kwenye somo la methali, huwaandikia wanafunzi ubaoni maneno haya: «Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani». Wanafunzi wetu, ambao wengi wao wamezaliwa hapa Lubumbashi, au Likasi, au Kolwezi, hujibu vizuri. Huandika kwamba mtu hata azunguke namna gani, mwisho atarudi pale alipotoka. Jibu hilo ni sahihi na hupewa alama zake. Mwaka mmoja, hata hivyo, nilimwomba mmoja wao aje ubaoni achore tezi, omo na ngama. Alichora mstari mmoja mrefu uliopinda kidogo, akautazama, akawatazama wenziwe, kisha akaweka chaki chini. Nami niliyeuliza swali nilishukuru moyoni kwamba hakuna aliyeniletea mimi ile chaki.

Makala haya yanaeleza jinsi nilivyojaribu kujiondolea aibu hiyo kwa kuunda, kwa mikono yangu na kwa kuanzia mbao tupu, mfano mdogo wa chombo cha pwani. Sisemi juu ya ile mifano inayouzwa Ulaya ndani ya sanduku, vipande vikiwa vimekwisha kukatwa na kupewa namba. Mtu akiununua mfano wa namna hiyo, maswali yote yamekwisha kujibiwa na aliyevikata vipande. Nitazieleza hatua za kazi kwa kadiri zitakavyomfaa atakayependa kujaribu, lakini nitakaa zaidi pale ambapo mbao zenyewe zilinidai majibu ambayo kamusi huyaruka.

1. Kwa nini mtepe

Jahazi, mashua na ngalawa ni vyombo vilivyo hai. Anayetaka kuvijua aweza kwenda Lamu au Zanzibar akavitazama, na akamuuliza nahodha. Mtepe haupo. Ulikuwa chombo cha visiwa vya Lamu, hasa Pate na visiwa vya Wabajuni. Mbao zake hazikupigiliwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za nazi. Tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne, likitwekwa katika mlingoti mmoja. Na omo yake ilijitokeza mbele kama shingo na kichwa cha mnyama. Masimulizi ya pwani husema kwamba kichwa hicho kilifananishwa na cha ngamia wa Mtume. Mitepe ilichukua mizigo mizito isiyo na fahari, kama boriti za mikoko, kutoka Lamu hadi Mombasa na Zanzibar. Kabla karne ya 20 haijafika katikati, ilikuwa imetoweka baharini.

Ufundi uliotoweka pamoja nayo ulikuwa wa kale sana. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, kiitwacho Periplus cha Bahari ya Erithrea, kinataja bandari ya Rhapta kwenye pwani ya Afrika ya Mashariki, na chenyewe kinaeleza kwamba jina hilo limetokana na mashua za kushonwa zilizoonekana huko. Wareno wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji mwaka 1498 waliona vyombo visivyo na misumari, mbao zikiwa zimefungwa kwa kamba na matanga yakiwa ya mkeka. Kati ya shuhuda hizo mbili ipo miaka isiyopungua 1,300, na sindano ilikuwa bado kazini.

Je, leo kimebaki nini? Zimebaki picha chache za wapiga picha wa mwanzo wa karne ya 20. Zimebaki maandishi ya wataalamu, kama vile makala ya James Hornell ya mwaka 1941 kuhusu mtepe na dau za visiwa vya Lamu, na kitabu cha A. H. J. Prins cha mwaka 1965 kuhusu ubaharia wa Lamu. Na imebaki mifano midogo katika majumba ya makumbusho, huko Lamu na katika Fort Jesus ya Mombasa. Mwaka 2003 mtepe wa ukubwa kamili uliundwa upya Zanzibar na kuwekwa katika ua wa ndani wa jumba la Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilibomoka. Chombo kikiisha kufa, mfano wake haubaki kuwa pambo la mezani. Unageuka kuwa hati, na hati yaweza kusema kweli au kusema uongo.

Huo ndio uzito wa kazi hii. Mtunga kamusi akiandika «mtepe: chombo cha kale cha kushonwa», amesema kweli na ana haki ya kunyamaza juu ya mengine. Muunda mfano hana haki hiyo. Hawezi kuweka tundu mahali pasipojulikana. Kila tundu lazima liwe mahali fulani, na kila ubao lazima uwe na upana fulani, hata pale ambapo hakuna kitabu kilichomwambia. Kwa hiyo nilinunua daftari la kurasa 100 kabla ya kununua ubao. Ukurasa wa kushoto niliandika lile nililolipata katika picha au maandishi, na ukurasa wa kulia lile nililoliamua mwenyewe. Kazi ilipokwisha, ukurasa wa kulia ulikuwa umejaa zaidi.

2. Skeli

Nilichagua mtepe wa urefu wa mita 16 na skeli ya 1 kwa 20. Maana yake ni kwamba kila kipimo cha chombo kinagawanywa kwa 20: mita 16 zinakuwa sentimita 80, upana wa mita 4 unakuwa sentimita 20, ubao wa unene wa sentimita 4 unakuwa milimita 2. Mtu wa mita 1.70 anakuwa na kimo cha sentimita 8.5. Namshauri kila anayeanza amchonge mtu huyo kwanza, hata kwa kijiti kibaya, na amsimamishe juu ya mchoro. Atamwonya mara nyingi. Mimi nilikuwa nimechora ukingo wa chombo ambao baharia wangu wa sentimita 8.5 asingeweza kuchungulia juu yake.

Skeli ina mtego mmoja. Urefu hugawanywa kwa 20, lakini eneo hugawanywa kwa 400 na ujazo kwa 8,000. Chombo ambacho pamoja na shehena kina uzito wa tani 20 kitakuwa na mfano wa kilo mbili na nusu tu. Tutauhitaji uzito huo tutakapofika kwenye beseni.

Mchoro unatakiwa uonyeshe chombo kwa namna tatu: ubavuni, kutoka juu, na kwa kukatwa kama mkate, kipande baada ya kipande, kutoka omo hadi tezi. Vipande hivyo ndivyo vinavyotoa umbo. Nilichora 9. Fundi wa pwani hakuhitaji mchoro wa karatasi. Umbo la chombo lilikaa katika macho yake na katika vipimo vya mkono. Sisi ambao hatukurithi macho hayo hatuna budi kuazima karatasi, na ni vema tukiri kwamba tumeazima.

3. Mfano wa kwanza, ambao niliuvunja

Nilianza kama wanavyoanza waunda mifano wengi wa Ulaya. Nililaza mkuku, nikasimamisha mataruma juu yake kama mbavu juu ya uti wa mgongo, kisha nikaanza kuvika mbao kwa gundi. Kazi ilikwenda haraka. Baada ya wiki tano nilikuwa na chombo kizuri cha kutazama, na kilichobaki, kwa fikra zangu, kilikuwa kutoboa matundu na kuonyesha mishono.

Nilikipeleka darasani. Mwanafunzi mmoja wa licence, binti ambaye mama yake ni mshonaji, alikiinamia muda mrefu, akachungulia ndani. Kisha akauliza: «Mwalimu, kama mataruma yalitangulia, sindano ilipita wapi nyuma yake?»

Sikuwa na jibu. Katika chombo cha kushonwa, ndani, juu ya kila kiungo cha mbao mbili, hulazwa utepe wa makumbi ya nazi, na mshono hupita juu ya utepe huo na kuubana ili uzuie maji. Ikiwa taruma limekwisha kusimama pale, utepe hauwezi kupita moja kwa moja, na mkono wa mshonaji hauwezi kuingia. Kwa hiyo mbao zilishonwa kwanza, ubao kwa ubao, zikafanya ganda; na mataruma yakaingizwa baadaye, yakakatwa kulifuata ganda, yakafungwa kwa kamba. Wataalamu walikuwa wameyaandika hayo, nami nilikuwa nimeyasoma. Niliyasoma kama mwanafunzi anavyosoma methali.

Basi mfano wangu wa kwanza ulikuwa uongo mzuri. Nje ulifanana na mtepe. Ndani ulikuwa jahazi la misumari lililovaa mishono. Niliuvunja, nikabakiza mkuku na yule baharia.

4. Ganda

Njia niliyoifuata mara ya pili ni ya kati na kati. Kwa kuwa sikuwa na macho ya fundi wa Pate, nilikata kalibu 9 za ubao mwembamba kwa kufuata vile vipande vya mchoro, nikazisimamisha juu ya mkuku kwa muda tu. Mbao ziliegemea kalibu bila kugundishwa nazo. Ganda lilipokamilika kalibu zilitolewa, na ndani pakabaki wazi kama bakuli. (Tendo hilo limeandikwa ukurasa wa kulia.)

Suala la miti lilinichukua wiki mbili. Mulombwa wetu wa Katanga ni mti mzuri sana kwa milango na makabati, lakini vinyweleo vyake ni vikubwa. Katika skeli ya 1 kwa 20 kinyweleo kinaonekana kama ufa unaoweza kupitisha kidole cha baharia. Mti wa mfano unatakiwa uwe na nyuzi laini zilizosongamana. Niliupata uani kwetu: mpera kwa mataruma na kichwa cha omo, mlimau kwa vigingi vidogo. Mbao za ubavuni nilizipasua kutoka miguu ya meza ya zamani ambayo hakuna aliyeweza kuniambia ni mti gani, ila ulikuwa mkavu kwa miaka mingi, na ukavu ndio uliotakiwa. Kwa mataruma nilitafuta vijiti vya mpera vilivyopinda vyenyewe. Hili si ujanja wangu. Mafundi wa vyombo vya mbao huchagua tangu zamani tawi lililokwisha kupinda, kwa sababu nyuzi za mti zikifuata kombo la taruma, taruma halivunjiki.

Kosa la mwanzo la kila anayejaribu ni kudhani kwamba ubao wa chombo ni kipande kilichonyooka kinachopindwa tu. Ukipinda vipande vilivyonyooka juu ya umbo lenye tumbo, vitakaa vizuri katikati na kupandana kwenye ncha. Ubao wa kweli ni mpana katikati, mwembamba kwenye ncha, na ukilazwa mezani una kombo kama upanga. Somo hili nililipata kwa mzee mmoja, fundi wa mashua za mbao huko Kalemie, aliyekuwa amekuja kumtembelea mwanawe chuoni. Aliitwa aone kazi. Aliuzunguka mfano, akapapasa ndani, akauliza:

— Mwalimu, misumari iko wapi?

— Hakuna, Baba. Ilishonwa.

— Sasa hao watu walikuwa wanashona mashua sawa nguo?

Alicheka, lakini akaketi. Akaomba karatasi ngumu ya sanduku la sabuni, akaikandamiza juu ya nafasi iliyo wazi, akapitisha ukucha kwenye kingo za ubao wa chini, kisha akaikata kwa kufuata alama ya ukucha. Karatasi hiyo ndiyo kipimo cha ubao unaofuata. Huwekwa juu ya mti, huzungushiwa kalamu, na ubao hukatwa ukiachwa mkubwa kwa nusu milimita ili randa na tupa vipate cha kula. Akanionya pia nisitoboe tundu karibu na ukingo kuliko unene wa ubao mara moja na nusu, la sivyo utapasuka kufuata nyuzi. Nilipima mbao nilizokwisha kuzipasua: kweli tupu.

Ubao uliokatwa hulowekwa katika maji ya moto kwa muda wa saa moja, hukandamizwa juu ya kalibu kwa vibanio vya nguo, na kuachwa ukauke usiku kucha. Asubuhi unakuwa umejifunza umbo. Hapo ndipo unashonwa, kabla ubao wa juu yake haujakatwa.

5. Mshono

Sasa tumefika kwenye kiini cha kazi, na pia kwenye hesabu yake. Nilitumia mbao 8 kila upande, hivyo viungo 8, tukihesabu kile cha ubao wa kwanza na mkuku. Kiungo kimoja kina urefu wa wastani wa sentimita 66. Niliamua kwamba katika chombo cha kweli mshono ungekuja kila sentimita 6, yaani milimita 3 katika mfano. Basi kiungo kimoja kina mishono 220, upande mmoja mishono 1,760, na kila mshono una matundu mawili. Kwa pande mbili ni matundu 7,040.

Matundu hayo hutobolewa kwa keke ndogo au kwa sindano ya chuma iliyotiwa moto. Mimi nilitumia sindano, kwa sababu keke yangu ilikata ubao mmoja vipande viwili. Kamba ya milimita 6 inakuwa uzi wa milimita 0.3. Usumba wa nazi hauwezi kusokotwa wembamba huo, kwa hiyo nilitumia uzi wa kitani uliochemshwa katika chai kali. Utepe wa makumbi niliuiga kwa nyuzi za katani zilizochambuliwa. Kila mshono hupitishwa, huvutwa hadi viungo vikutane, kisha kigingi cha mlimau hupigwa katika tundu ili uzi usirudi. Kigingi hicho ndicho kinachoziba tundu, na bila yake chombo kizima kingekuwa chujio.

Kasi yangu ilikuwa mishono 40 kwa jioni. Upande wa kushoto ulinichukua jioni 44, bila kuhesabu zile ambazo umeme ulikatika. Ulipokwisha, nilizihesabu siku za upande wa kulia, nikazihesabu pia karatasi za mitihani zilizokuwa zinanisubiri, nikaamua kugundisha. Wanafunzi walibishana juu ya uamuzi huo. Wengine walinitaka nichore mishono kwa kalamu juu ya gundi, ili pande mbili zifanane. Nilikataa. Upande wa kulia umeachwa mtupu, na yeyote anayeugeuza mfano anaona mahali ambapo kazi ilikoma.

Nilichojifunza katika jioni hizo 44 si ufundi tu. Maneno yote ya kazi hii ni maneno ya mshonaji wa nguo: kushona, mshono, uzi, kutunga, kukaza. Kitu kinachoondolewa, yaani msumari, jina lake limetoka katika Kiarabu. Usukani nao umetoka huko. Lakini tendo linaloshika chombo pamoja lina kitenzi cha Kibantu kilicho wazi kwa mtoto yeyote. Tena wasomaji wetu wanaojua Lingala watakumbuka kwamba huko kitenzi kimoja, kotonga, hutumika kwa kujenga nyumba na kwa kushona nguo. Sidai kwamba wajenzi wa mitepe waliwahi kuisikia Lingala. Nasema tu kwamba mtu anayeona ajabu kuambiwa «walishona meli» anaweza kuwa na lugha nyingine kinywani mwake ambayo haioni ajabu hiyo.

Na kwa nini washone, hali chuma kilijulikana? Ibn Battuta, aliyesafiri katika bahari hiyo katika karne ya 14, alieleza kwamba chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini kilichoshonwa kwa kamba hulegea kidogo na kuhimili. Niliwahi kuisoma sentensi hiyo pia. Siku nilipotoa kalibu, kabla ya kuingiza mataruma, nililibana ganda kati ya viganja vyangu. Upande wa kushoto ulikubali, ukaingia ndani, ukarudi. Upande wa kulia, ule wa gundi, ulitoa mlio, na ufa mdogo ukatokea karibu na tezi. Ufa huo sikuuziba.

6. Kichwa, tanga na mengineyo

Juu ya mlingoti na usukani sina mengi ya kusema: ni kazi ya kisu na msasa. Kichwa cha omo kilichongwa mara tatu. Kichwa cha kwanza kilikuwa cha bata, cha pili cha farasi. Cha tatu bado kina shingo fupi mno ukilinganisha na picha, lakini mpera ulikuwa umekwisha. Duara la jicho lililopakwa rangi kwenye omo nililiweka kwa kuifuata picha.

Tanga lilitaka fikra zaidi. Mkeka wa ukindu wenye ukili wa sentimita moja unakuwa, katika skeli yetu, na uzi wa nusu milimita. Hapa pwani haikunisaidia, lakini Kasai ilinisaidia. Rafia inayofumwa na Wakuba hupasuliwa nyembamba sana, na fungu dogo lililonunuliwa sokoni lilitosha kufuma tanga la sentimita 30 kwa 35. Kwa hiyo mtepe huu wa Lamu unasafiri kwa tanga la Kasai, na kibao chake kinasema hivyo.

Neno lenyewe lilizua mjadala darasani. Niliposema «matanga ya mtepe», nusu ya darasa ilifikiri nazungumza juu ya kilio, kwa kuwa katika miji yetu matanga ni mkesha wa msiba. Aliyezoea Lingala alifikiria kitenzi kotanga, yaani kusoma au kuhesabu. Mwanafunzi mmoja aliandika katika daftari lake «tanga (la kusafiria)» na «matanga (ya kulia)», na nadhani kwa mahitaji yetu ya Lubumbashi ni maelezo mazuri kuliko ya kamusi kadhaa.

7. Beseni

Jumamosi moja tulijaza beseni la kufulia, tukaushusha mtepe majini mbele ya wanafunzi 11 na mlinzi wa jengo. Ukiwa mtupu ulielea juu sana na kulala ubavu. Tulipima mchanga kwenye mizani ya sokoni mpaka uzito wote ukafika kilo mbili na nusu, tukaumwaga chini, juu ya mkuku. Chombo kikakaa sawasawa katika mstari niliokuwa nimeuchora.

Kisha maji yakaanza kuingia. Hayakuingia kwa kishindo. Yalitokeza kwenye mishono ya upande wa kushoto kama jasho. Maji hayapunguzwi kwa skeli, wala kitani si usumba, hivyo sitadai kwamba mtepe wa kweli ulivuja kwa kiasi hicho. Lakini kwamba ulivuja ni jambo linalojulikana: kukumba maji kulikuwa kazi isiyokwisha ya mabaharia wake. Maji yetu yalitiririka kutoka omo, yakatiririka kutoka tezi, yakakusanyika mahali pamoja, chini katikati, juu ya mchanga. Yule mwanafunzi wa chaki alikuwepo. Aliweka ncha ya kidole chake ndani ya mahali pale penye maji, akasema polepole: «Ngamani».

Ndipo tukaisoma methali upya. Anayekwenda tezi na omo si mzururaji tu. Ni baharia ndani ya chombo kinachovuja, ambaye kila kazi aliyo nayo mbele au nyuma inakatizwa na ile ya katikati, kwa sababu ngama haingoji. Labda huu si usomaji wa pekee, na wenzetu wa pwani wana haki ya kutusahihisha. Lakini Kiswahili chenyewe kilifika Maniema katika karne ya 19 kwa misafara iliyovuka Ziwa Tanganyika ndani ya vyombo, na sioni kwa nini sisi tuliobaki nchi kavu tusikumbe maji ya sentensi zake.

Mfano sasa umewekwa katika kabati la kioo la maktaba ya idara. Kibao chake kimeandikwa hivi: «Mtepe, skeli 1 kwa 20. Umbo: kwa kufuata picha na michoro iliyochapishwa. Nafasi ya mishono na idadi ya mbao: uamuzi wa muundaji. Uzi: kitani badala ya usumba. Tanga: rafia ya Kasai badala ya ukindu. Upande wa kulia: gundi. Ufa karibu na tezi ni wa kweli». Daftari la kurasa 100 liko kando yake, na anayetaka michoro ile 9 anaruhusiwa kuinakili.

Tangu muhula uliopita, yule binti wa mshonaji amenza kuufungua upande wa kulia, ubao mmoja mmoja, ili aushone. Amefika ubao wa pili. Sindano na vigingi viko katika droo ya chini, na ufunguo uko kwa katibu wa idara.